Nani Aliyemfungulia Mlango? Tafakuri juu ya Pambano la Jagina na Mnyonya Damu

Yapo maswali ambayo mhakiki wa fasihi huona haya kuyauliza mbele ya wenzake. Mojawapo ni hili: Superman akipambana na Dracula, nani atashinda? Ni swali la watoto wa shule, la vijana wanaopokezana vitabu vya picha hadi kurasa zikachakaa, na kwa desturi halina nafasi katika jarida la idara ya chuo kikuu. Hata hivyo, naomba radhi ya wasomaji nilishughulikie hapa kwa uzito, kwa sababu mbili. Kwanza, ni swali la kihakiki kuliko linavyoonekana, kwani hatuwezi kulijibu bila kuamua ni sheria za utanzu upi zitakazotawala uwanja wa vita. Pili, liliwahi kujibiwa nyumbani kwetu kwa namna ambayo nadharia nilizosomeshwa baadaye hazijaipiku.

Ilikuwa Mombasa, mnamo mwaka 1980 hivi. Mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, tulikuwa tumetazama filamu mbili katika muda wa mwezi mmoja: ile ya Dracula ya mwaka 1958, ambayo mnyonya damu aliigizwa na Christopher Lee, na ile ya Superman ya mwaka 1978, iliyoigizwa na Christopher Reeve. Filamu zilichelewa kutufikia siku hizo, na zilipofika hazikufuata mpangilio wa tarehe. Kaka alimtetea Superman. Hoja zake zilikuwa fupi: risasi hazimdhuru, hupaa angani, huona kupitia ukuta, na jua ndilo limpalo nguvu. Mimi nilimtetea Dracula, nadhani kwa ubishi tu. Nilidai kwamba huyu hana haja ya kupigana. Hungoja usiku uingie, na aumwaye naye humtumikia.

Ubishi ulianzia barazani ukatufikisha uani, ambako bibi yetu alikuwa akichagua mchele katika uteo. Alitusikiliza kwa muda, kisha akauliza huyo mnyonya damu huingiaje katika nyumba za watu. Nikamweleza kama nilivyosikia kwa wenzangu shuleni: haingii nyumba ya mtu ila akaribishwe. Bibi akaacha kuchagua mchele.

"Na mlango alifunguliwa ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Kwake yeye mjadala ulikuwa umekwisha, akaurudia mchele wake.

Katika makala haya namwita jagina yule mhusika wa hadithi za picha za Kimarekani ambaye nguvu zake zinapita za kibinadamu na ambaye amejitwika jukumu la kuwaokoa wanyonge. Superman ndiye kielelezo chake cha awali. Alizaliwa katika toleo la kwanza la Action Comics la Juni 1938, kutokana na ubunifu wa Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Kiyahudi wa mji wa Cleveland, wote wana wa wahamiaji. Katika toleo hilo hakuwa bado amejifunza kupaa. Alichupa tu juu ya majumba. Wala maadui zake hawakuwa viumbe wa sayari za mbali. Alimwokoa mwanamke asiye na hatia aliyekaribia kuuawa kwa hukumu ya mahakama, akamkomesha mwanamume aliyempiga mkewe, akaenda Washington kufichua hongo ya wanasiasa. Ni baadaye tu ndipo waandishi walipomwongezea nguvu kiasi kwamba ikabidi wamtafutie udhaifu. Kriptonaiti, jiwe limwondoleal nguvu, lilitokea kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943, kabla ya kuingia vitabuni. Ama wazo la kwamba nguvu zake hutokana na jua la manjano la dunia yetu, hilo lilikita mizizi katika miaka ya 1960.

Kwa upande wa pili yuko kabaila Dracula wa riwaya ya Bram Stoker iliyotoka London mwaka 1897. Kila mtu hudhani anajua kwamba jua humwangamiza. Lakini msomaji makini wa riwaya hiyo ataona kwamba Dracula hutembea mchana katika mitaa ya London; mchana humpunguzia nguvu, haumuui. Kifo cha mnyonya damu kwa mwanga wa jua kilipata umaarufu kutokana na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu ya mwaka 1922, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Kwa hiyo kaka yangu aliponieleza kwamba Dracula ataungua kwa kumkaribia tu mtu aliyejaa jua, alikuwa akimpiga Dracula kwa silaha iliyotoka katika matini nyingine.

Kaka hakuwa peke yake. Katika hadithi ya Superman iliyochapishwa mwaka 2002, waandishi walitatua pambano hili kwa hoja iyo hiyo: Dracula anamuuma Superman, na damu iliyojaa nguvu za jua inamteketeza. Utatuzi huo unapendeza, na hauna budi kupendeza, kwa sababu uwanja ni wa Superman, kitabu ni chake na wasomaji ni wake. Lau Stoker angeliuandika mkutano huo, bila shaka Superman angeonekana mara moja tu kupitia dirishani, halafu tungesoma katika shajara ya mtu mwingine kwamba rangi ya uso wake imeanza kufifia. Pambano la wahusika wa aina hii, kwa hakika, ni pambano la tanzu. Mshindi ni yule anayefaulu kumvuta mwenziwe katika aina yake ya hadithi.

Historia ya uchapishaji nayo inathibitisha jambo hili. Mwaka 1954 wachapishaji wa hadithi za picha nchini Marekani, wakihofia lawama kwamba vitabu vyao vinapotosha watoto, walijiwekea kanuni ambazo, pamoja na mengine, ziliwapiga marufuku wanyonya damu. Kwa takriban miaka kumi na saba jagina alitamba katika ulimwengu ambao mnyonya damu hakuruhusiwa kuutia mguu. Kanuni zilipolegezwa mwaka 1971, mnyonya damu aitwaye Morbius aliingia katika hadithi za Spider-Man mwaka uo huo. Hapa pia kulikuwa na mlango, na kulikuwa na mwenye kuufungua.

Na hilo ndilo linalonirudisha kwa bibi. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili niliisoma riwaya ya Stoker kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, na swali lake likanifuata ukurasa baada ya ukurasa. Nilitarajia kukuta nguvu zikipambana na nguvu. Nilichokikuta ni msururu wa milango na madirisha. Lucy Westenra anapougua, Daktari Van Helsing anaagiza maua ya kitunguu saumu yatandazwe chumbani mwake na dirisha lifungwe. Usiku, mama yake Lucy, kwa mapenzi tu, anaona harufu ile inamsumbua mwanawe. Anayaondoa maua na kufungua dirisha ili binti apate hewa. Wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanampa Lucy damu yao. Yote inaishia kwa Dracula. Baadaye Mina Harker anashambuliwa ndani ya jengo ambalo wapinzani wote wa Dracula wamekusanyika, kwa sababu Renfield, mgonjwa wa akili anayetunzwa humo, amemkaribisha adui ndani. Mama alifungua kwa mapenzi. Mgonjwa alifungua kwa kuahidiwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshindwa nguvu.

Jinsi Dracula anavyoshindwa ni jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi. Hashindwi na jagina. Anashindwa na kikundi cha watu wa kawaida wanaoweka kumbukumbu. Riwaya nzima imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti na sauti zilizonaswa kwa mashine. Ni Mina anayeziandika zote kwa taipureta na kuzipanga kwa tarehe hadi mwenendo wa adui unadhihirika. Dracula anaivamia nyumba na kuzichoma karatasi, ila nakala moja imesalimika ndani ya sanduku la chuma. Mina huyo huyo amehifadhi kichwani ratiba za treni. Mwishoni, jua likiwa linatua, visu viwili vinamaliza kazi, na mmoja wa washika visu, Quincey Morris, anakufa kwa majeraha yake. Sisi tunaofundisha fasihi tungepaswa kuifurahia riwaya hii kuliko watu wote: hapa zimwi linashindwa kwa uhariri.

Yamkini msomaji atauliza: je, swali la mlango halimhusu mnyonya damu peke yake? Jagina si wa kualikwa. Yeye hupita ukutani. Naam, lakini tutazame majagina wetu wenyewe. Fumo Liyongo hakuwa na mfano kwa nguvu, na hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Siri hiyo haikung'amuliwa na majasusi. Aliulizwa na mwanawe, aliyekuwa amerubuniwa na mfalme wa Pate, na simulizi zinatuambia kwamba Liyongo alihisi kuwa mtoto ametumwa, naye akamwambia. Luanda Magere wa Waluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, aliangamia kwa sababu siri ya kivuli chake ilijulikana kwa mke aliyetoka kwa maadui. Wahakiki wamezoea kuusoma udhaifu wa shujaa kama kasoro ya mwili: kitovu, kivuli, kisigino. Naona afadhali tuusome kama mlango. Kila shujaa ana mahali ambapo amemruhusu mtu kumkaribia, na bila mahali hapo asingekuwa baba wala mume, angekuwa ngome tu.

Superman naye ana mlango wake, na ulifunguliwa kabla hajazaliwa. Siegel na Shuster waliiuza haki ya mhusika wao mwaka 1938 kwa dola 130 za Kimarekani, wagawane wawili. Walitia saini kwa hiari, kama watiavyo saini vijana maskini wanaotaka kazi yao ichapishwe. Mhusika akawatajirisha wengine kwa miongo mingi, huku wabunifu wake wakihangaika mahakamani na kuzeeka katika dhiki. Ni mwaka 1975 tu, filamu kubwa ilipokuwa ikiandaliwa na wasanii wenzao walipopaza sauti, ndipo walipopewa malipo ya uzeeni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurudishwa katika kazi yao. Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital ya mwaka 1867, aliufananisha mtaji na mnyonya damu aishiye kwa kufyonza kazi ya walio hai. Miaka thelathini kabla ya Stoker, sitiari ilikuwa tayari. Nikikumbuka dola 130, huniwia vigumu kushangilia ushindi wa mwaka 2002. Mwenye nguvu kuliko wote duniani alikuwa amewaokoa mamilioni ya watu wa karatasi, na hakuweza kuwaokoa wawili waliomwumba, kwa sababu aliyewafyonza alikaribishwa kwa kalamu.

Sasa inafaa nieleze kwa nini bibi aliuliza swali lile upesi kiasi kile. Yeye hakumjua Dracula, lakini alimjua mumiani. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inalieleza neno hili, lenye asili ya Kiajemi, kuwa ni dawa nyeusi mfano wa gundi, na inataja imani kwamba hutengenezwa kwa damu ya watu. Katika vinywa vya watu wa pwani, mumiani alikuwa mtu: yule anayewakamata wapitao usiku na kuwatoa damu ipelekwe kusikojulikana. Bara, mjini Nairobi, hofu iyo hiyo iliwaangukia wazimamoto, wafanyakazi wa kikosi cha kuzima moto wa enzi ya ukoloni. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, amezichukua simulizi hizi kuwa ushahidi wa kihistoria kwa haki yake zenyewe. Haulizi kama kweli damu ilichukuliwa. Anauliza watu walikuwa wakisema nini juu ya dunia yao waliposimulia hivyo.

Tofauti kati ya mumiani na Dracula ni kubwa. Dracula ni kabaila mwenye kasri na nasaba. Mumiani ni mwajiriwa. Ana gari, ana mshahara, pengine ana sare, na mara nyingi ni mtu wa mtaa wetu aliyepata kazi. Ndiyo maana, katika simulizi za bibi, hakuna jagina aliyewahi kutumwa kumpiga. Angempiga nani, naye ni mtoto wa jirani? Bibi alichofundisha ni tahadhari za pamoja: msitembee mmoja mmoja, jueni nani yuko wapi, na yeyote abishaye hodi usiku aulizwe mara tatu. Kimsingi ni mbinu za Mina Harker bila taipureta.

Mwaka 1994 kaka yangu alipata ajali katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Tuliambiwa hospitalini kwamba damu iliyopo haitoshi na kwamba jamaa watoe. Tulikuwa watu wengi pale uani, na kwa muda mrefu hakuna aliyesogea. Miaka ile ilikuwa ya hofu ya Ukimwi, na sindano ilikwishakuwa kitu cha kutiliwa shaka. Lakini chini ya hofu hiyo mpya ilikuwapo ya zamani. Mmoja wa ami zangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Nitajuaje iendako?" Mimi niliyekuwa nimesoma nadharia za Ulaya na kujiona nimepona hofu hizo nilimjibu kwa ukali, na hadi leo najuta. Swali lake halikuwa la ujinga. Lilikuwa swali lile lile lililosimuliwa kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna mwenye mamlaka aliyewahi kuketi na kumjibu.

Bibi alikuwa ameletwa kwa teksi, mkongwe, akitembea kwa kushikwa mkono. Alipoelewa kinachongojwa alikunja mkono wa buibui lake, akamwendea muuguzi. Muuguzi, kwa adabu, akamweleza kwamba umri wake haumruhusu. Bibi akageuka akatutazama sote.

"Mumiani haombi, wanangu," alisema. "Hawa wameomba."

Hakusema kwamba mumiani hayupo. Alimwamini hadi kufa kwake. Alichofanya ni kazi ya kihakiki kwa maana kamili ya neno: alitenganisha matini mbili zilizofanana kwa sura. Katika moja damu huchukuliwa gizani na mlango hufunguliwa kwa hila; katika nyingine mtu husimama mchana, huomba, na huweza kukataliwa. Ami yangu ndiye aliyetangulia kuingia. Nilimfuata.

Sitaki nifikie hitimisho la kumdharau Superman. Uhakiki wa fasihi pendwa huharibika pale mhakiki anapojiona amemzidi akili msomaji wake. Vijana wawili maskini mwaka 1938, Ulaya ikiwa inaelekea vitani na chuki dhidi ya Wayahudi ikipamba moto, walitamani awepo mtu mmoja ambaye hawezi kupigwa. Tamaa hiyo ni ya heshima, na yeyote aliyewahi kuketi uani mwa hospitali anaijua. Ninachodai ni kwamba tamaa hiyo hutudanganya kuhusu aina ya adui. Humfikiria adui kuwa ni nguvu, ilhali mnyonya damu si nguvu; ni uhusiano. Huingia kwa mapenzi yetu, kwa umaskini wetu, kwa saini zetu, kwa uzembe wetu wa kuuliza. Dhidi yake misuli haifai kitu. Kinachofaa ni watu wanaoulizana, wanaoandika walichokiona, na walio tayari kunyoosha mkono pale walipoombwa.

Kwa hiyo, nani atashinda? Ikiwa Superman yuko peke yake, nampa Dracula ushindi, si siku hiyo bali baada ya miaka. Ikiwa Superman ana bibi uani, mambo ni mengine.

Kaka yangu aliishi. Huchechemea kidogo wakati wa baridi, na ana damu ya ami mwilini mwake, jambo ambalo hulikumbusha kila wanapokosana. Nilimsomea rasimu ya makala haya. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba nimezunguka sana na kwamba Superman angeshinda katika dakika ya kwanza. Sikumbishia.